Paneli Niliyoifunga Mapinga

Siku mliyoniaga kazini mlitaka niseme maneno mawili matatu, nami nikasema ahsanteni, kuleni kabla pilau haijapoa. Mkadhani nimeshikwa na huzuni. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maneno mengi kuliko muda wa pilau, na mimi si mtu wa kukatiza chakula cha wenzangu. Kwa hiyo nimenunua daftari, nimekaa barazani kwangu na chai ya tangawizi, na ninayaandika. Atakayeona ni marefu, mwambieni ngazi nayo ni ndefu na anaipanda kila siku.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo hakikunipunguzia hata kidato kimoja cha ngazi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za kazi, na mwisho nitawaeleza kisa cha kamera ya Mapinga. Najua baadhi yenu mmekisikia nusunusu, na hiyo nusu mliyoisikia imenipamba mno.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa mji mkongwe, mtoto wa fundi cherehani. Wakati huo umeme wa jua hapa kwetu ulikuwa kitu cha zahanati na misheni. Mtu wa kawaida akiona paneli juu ya paa alidhani ni kioo kimesahauliwa. Nyumbani hawakupenda mtoto wa kike apande mapaa ya watu mchana kweupe. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu baba alinishonea suruali mbili za kaki, pana, za kuvaa chini ya gauni, akaziweka kitandani kwangu. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na nilizivaa mpaka zikaisha magotini.

Aliyenifundisha ni Fundi Gaudensi, mtu wa bara, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kupanda ngazi na baada ya kushuka. Mimi nilisema bismillahi upande wangu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja ngazi haikuanguka hata siku moja, na hatukuwahi kubishana ni dua ya nani iliyoishikilia. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda mtu anayefungua sanduku la vifaa kabla hajaongea na wenye nyumba.

Siku yangu ya kwanza tulikwenda Kerege, kwenye nyumba ambayo taa zilikuwa zinakufa kabla ya saa mbili usiku. Mimi nimeshika bisibisi mpya, mkono unawasha. Fundi Gaudensi akasalimia watu wote mpaka bibi aliyelala ndani, akauliza mguu wa bibi unaendeleaje, akakubali maji ya kunywa. Kisha akamuuliza mama mwenye nyumba: "Tatizo limeanza lini, na siku zile mlibadilisha nini hapa nyumbani?" Mama akafikiri, akasema hawakubadilisha kitu, ila walifunga kamba mpya ya kuanikia nguo pale juu, maana kule chini mbuzi wanazitafuna. Tukatoka kutazama. Kanga mbili na shuka zilikuwa zinapepea mbele ya paneli, zimeitia kivuli. Tukaihamisha kamba na kuondoka. Njiani akaniambia, "Shikamoo kwanza, Saumu. Bisibisi baadaye." Bisibisi yangu ile ilikaa wiki nzima bila kugusa skrubu.

Mita yangu, ile ya njano yenye kioo kilichopasuka ambayo nimemwachia mwenzenu Zuhura, ilikuwa ya Fundi Gaudensi. Alinifundisha kuitumia, na zaidi alinifundisha kutoiamini. Mita ikisoma volti kwenye paneli isiyobeba mzigo wowote, itakupa namba nzuri hata kama paneli ni mgonjwa, hata kama kuna mawingu. Ukitaka kujua ukweli, ipe kazi, uipitishe mita katikati ya waya, usome ampea. Yeye alisema hivi: "Volti ni posa. Ampea ndiyo ndoa." Nilikuwa nimeolewa mwezi ule, nikacheka mpaka nikashuka kwenye ngazi. Baadaye niliona kwamba alisema kweli katika mambo yote mawili.

Neno lake jingine lilikuwa, "Mita haina macho. Panda uitazame." Hilo mnalijua, maana nimewapigia kelele nalo miaka mingi. Likumbukeni tutakapofika Mapinga.

Kesi iliyonifanya nijione fundi ilikuwa Fukayosi, kwenye zahanati, jokofu la chanjo. Muuguzi alituita akisema jokofu limeanza kupata joto na chanjo amezipeleka zahanati nyingine kwa pikipiki, ndani ya sanduku la barafu. Betri nzima, waya mzima. Nikapanda. Paneli ilikuwa nyeupe, imepauka, imejaa mikwaruzo kama sakafu ya darasa. Kumbe wiki chache kabla jengo lilipakwa chokaa, chokaa ikarukia paneli, na mhudumu mmoja mwenye moyo wa usafi akapanda akaisugua kwa mchanga na majivu, kama tunavyosugua sufuria. Sufuria ingeng'aa. Kioo cha paneli kikawa ukungu wa kudumu. Hatukuweza kumlaumu yule mhudumu. Alifanya kwa bidii kile alichokijua. Tulifunga paneli nyingine na jokofu likarudi kwenye baridi yake, na muuguzi alinipa kuku. Yule kuku nilimbeba mapajani mpaka Bagamoyo, na nadhani sijawahi kutembea mjini kwa maringo kama siku ile.

Tangu hapo Fundi Gaudensi aliweka sheria. Mahali popote ambapo ujenzi haujaisha, paneli ivikwe nailoni angavu usoni. Alikuwa akiisema kama mashairi: "Fundi rangi yupo, nailoni iwepo. Fundi rangi kaondoka, nailoni iondoke." Alipofariki, sheria ile niliichukua kama urithi wangu.

Yapo mengi ya katikati ambayo nitayapitisha haraka. Chumvi ya pwani hula pini za plagi na kuzitia kutu ya kijani, kwa hiyo pakeni grisi na msione haya. Paneli iliyofungwa Desemba msiisifu mpaka mmeiona Juni, kwa sababu jua letu huhama; Desemba liko kusini, Juni limekwenda kaskazini, na ukingo wa paa ambao haukuwa na ubaya wowote unageuka kuwa mwavuli. Tena chunguzeni mipapai. Nilipata kuitwa madrasa moja mara tatu kwa sababu kipaza sauti kinakatika, na mara ya tatu ndipo nilipogundua kwamba mpapai uliokuwa kiunoni mwangu siku niliyofunga sasa ulikuwa unanitazama kwa juu. Maalimu alikataa kuukata, akasema una matunda. Tukaihamisha paneli.

Kisha zikaja kamera. Viwanja vya Mapinga vilianza kununuliwa na watu wanaoishi mjini, wakajenga polepole, leo msingi, mwakani kuta, kama mtoto anavyohifadhi msahafu juzuu kwa juzuu. Umeme wa nguzo haujafika, mwenye nyumba yuko mjini, kwa hiyo anafunga kamera yenye betri na paneli ndogo, halafu anakaa ofisini anatazama ukuta wake kwenye simu. Mimi nilizifunga kamera hizo nyingi kuliko fundi yeyote hapa, na nasema hivyo bila kuona aibu. Nilipita nyumba moja baada ya nyingine barabara yote ile, na kila jicho dogo lililonitazama kutoka ukutani nililijua.

Mmojawapo wa wenye nyumba hizo alikuwa Mwalimu Fidelis, anafundisha sekondari mjini, mtu mpole wa maneno machache. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa bati lakini kuta bado za saruji tupu. Mlinzi wake aliitwa Kondo, Mkwere wa Fukayosi, mtu wa miaka arobaini na kitu, anayesikiliza ukimwambia jambo mpaka unajishuku kama umelisema vizuri. Nilifunga kamera kwenye ukuta wa mbele kuelekea geti, na paneli nikaiweka juu ya bati, imeelekea nyuma ya nyumba linakopita jua. Ukisimama uani unaona mgongo wake tu. Paneli ilikuja na nailoni ya kiwandani usoni, nyembamba, safi kama maji. Nikakumbuka sheria. Mwalimu mwenyewe akaniunga mkono, akasema afadhali ikae, kitu kidumu na upya wake. Mnatujua sisi na nailoni. Kuna makochi hapa Bagamoyo yana miaka kumi na hayajakaliwa na mtu, yamekaliwa na nailoni yake. Nikamwambia Kondo, "Vumbi utafuta kwa kitambaa kibichi, taratibu. Lakini hii nailoni usiiguse mpaka nirudi mwenyewe."

"Sawa, mama," akasema. "Nimesikia."

Kamera ilifanya kazi vizuri mwaka mzima na zaidi. Kisha ikaanza kuzimika. Mwalimu akiangalia simu, betri imekwisha. Akampigia Kondo: umechomoa waya? Kondo anasema hakugusa. Siku mbili tatu inawaka, halafu inazimika tena. Mwalimu akaanza kudhani kwamba Kondo anaizima ili alale bila kuonekana. Halafu Kondo akaomba ruhusa kwenda msibani Fukayosi, akapewa, na aliporudi pampu ya maji haikuwepo kisimani. Mwalimu akafungua simu atazame nani aliingia. Kamera ilikuwa imezimika tangu siku ile Kondo alipoondoka.

Hapo ndipo Mwalimu akaniita. Nilifika mchana, jua kali. Nilikuwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu, na goti langu la kulia lilikuwa limestaafu kabla yangu. Niliegemeza ngazi ukutani, nikapanda mpaka usawa wa kamera, nikachomoa plagi inayotoka kwenye paneli, nikaitia mita. Volti zilikuwa tano na nusu. Namba nzuri kabisa. Pini hazikuwa na kutu. Nikamuuliza Kondo kama anaifuta paneli.

"Kila Ijumaa, mama, baada ya kufagia."

Nikashuka. Kondo alikuwa ameshika ngazi. Akaniuliza, "Na kule juu hupandi, mama?"

"Kule juu nakujua," nikamwambia. "Nimefunga mwenyewe."

Kisha nikampigia Mwalimu simu nikamwambia maneno ambayo ningependa kuyameza. Nilisema, "Paneli nzima, waya mzima, Mwalimu. Kamera hii haina sababu ya kuzimika yenyewe." Sikusema Kondo ni mwizi, lakini sikuacha mahali pengine pa kutazama. Mwalimu akashukuru. Akasema basi Jumamosi atakuja na mwenyekiti wa kitongoji, Kondo aeleze ilipo pampu, na akishindwa wampeleke polisi. Akaniomba nami nije niwe shahidi, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Ijumaa, ili niwe na ushahidi kamili, Mwalimu akanitumia picha kutoka kwenye simu yake, kumbukumbu ya betri ya miezi kadhaa. Nikaitazama nikiwa nachambua mchele. Nikaacha mchele. Kila siku, ilipofika mchana, betri ilipanda kidogo. Ikashuka jioni. Mwezi baada ya mwezi kupanda kwake kulipungua, robo kwa robo, bila kuruka. Mtu anayechomoa waya huchomoa, hachomoi robo. Na ile siku Kondo alipokwenda msibani, betri haikukatika ghafla. Ilikuwa imeshuka pole pole tangu siku nne kabla, siku ambazo sote tulikumbuka mawingu yake. Nilikaa na ungo mapajani, nikamsikia Fundi Gaudensi waziwazi, na hakuwa mpole.

Jumamosi nilifika na ngazi, mita na waya wa kupimia. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwenyekiti kwenye kiti cha plastiki. Kondo alisimama. Begi lake lilikuwa mlangoni mwa kibanda chake, limeshafungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyemwambia alifunge.

"Shikamoo, mama," Kondo akasema, kama siku zote.

"Marahaba," nikajibu.

Mwenyekiti akasema, "Haya, fundi. Mwalimu ananiambia umepima, na umekuta kila kitu kizima. Tueleze."

"Nilipima nusu," nikasema. "Naomba kwanza nipime yote."

Mwalimu alinitazama lakini hakukataa. Nikaegemeza ngazi. Kondo akaja akaishika bila kuombwa, yule yule ambaye neno langu lilikuwa limemfungia begi. Nikachomoa plagi, nikapitisha mita katikati ya waya, nikaiacha paneli iilishe kamera. Ilipaswa kunipa miliampea mia nne na ushee kwa jua lile. Ilinipa sitini. Posa ilikuwa nzuri, ndoa hakuna. Basi nikaendelea kupanda. Goti lilipiga kelele nikaliacha lipige. Nikatambaa juu ya bati la moto mpaka nikaiona paneli usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyoifunga.

Nailoni ilikuwa bado ipo. Ila haikuwa nailoni ile. Jua lilikuwa limeipausha ikawa nyeupe kama maziwa, chumvi imeingia chini yake kwenye kona, na ukungu umeota madoa ya kijani kati yake na kioo. Kwa juu ilikuwa safi, imefutwa vizuri, hakuna hata punje ya vumbi. Kuta za nyumba zilikuwa zimepakwa rangi zamani. Fundi rangi alikwisha kuondoka, na mimi sikurudi.

Pale juu nilikaa. Kutoka uani hakuna aliyeniona. Ningeweza kuibandua, kuikunja, kuitia mfukoni mwa suruali, nikashuka na kusema ni uchafu tu. Kamera ingewaka, na mimi ningestaafu nikiwa Fundi Saumu yule yule. Nawaambia ukweli, niliifikiria njia hiyo, na niliiona ilivyo laini. Kisha nikafikiri hatua moja zaidi. Kama ni uchafu, mwenye kosa ni mfutaji. Na mfutaji alikuwa chini yangu, ameshika ngazi.

Nikaibandua nailoni taratibu, ikatoka vipande viwili. Nikafuta kioo kwa upindo wa gauni langu. Nikashuka nimeishika mkononi, ili kila mtu aione, nikapima tena mbele yao. Mia nne na kumi. Mwenyekiti akauliza namba ile ina maana gani, nikamwambia ya kwanza ilikuwa ni njaa, hii ndiyo shibe.

"Sasa kosa lilikuwa nini, mama?" Mwalimu akauliza.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nailoni hii niliiacha mimi, nikaahidi kuja kuivua rangi ikiisha. Sikuja. Imezeeka juu ya paneli ikawa kivuli. Kamera ilikuwa inakufa kwa njaa, hakuna mtu aliyeizima. Na juzi uliponiita sikupanda, kwa sababu ya goti, na kwa sababu ya kiburi. Nilipima volti nikakuambia paneli nzima. Nilikudanganya bila kujua, na fundi wa umri wangu alipaswa kujua."

"Na pampu?"

"Habari za pampu sizijui, Mwalimu. Ninachojua ni kwamba kamera haikuzimwa na mkono wa mtu. Kumbukumbu uliyonitumia mwenyewe inaonyesha."

Mwalimu akaichukua ile nailoni, akaigeuzageuza. Kisha akamgeukia Kondo. "Wewe kila Ijumaa unapanda kufuta. Hukuiona hii?"

"Nimeiona, Mwalimu. Nimeiona inazidi kuwa nyeupe."

"Sasa kwa nini hukuibandua?"

Kondo alinitazama mimi, si Mwalimu. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. "Mama fundi aliniambia nisiiguse mpaka arudi mwenyewe," akasema. "Nikawa namsubiri."

Nimeshawahi kupigwa shoti nikaanguka kutoka darini, na sikuumia kama nilivyoumia pale. Ndipo Mwalimu akainuka kwenye ndoo yake, akampa Kondo mkono, akasema, "Nimekukosea, Kondo. Naomba unisamehe." Kondo akasema yamekwisha. Kisha akaomba jambo moja. Aliomba ruhusa alale Fukayosi siku ile, kwa sababu mkewe alikwisha kusikia kwamba mumewe ni mwizi, na wakweze wamesikia, na maneno yale hayawezi kurudi kwa simu.

Mwalimu akasema atampeleka kwa gari lake. Mimi nikasema nakwenda nao. Mwalimu akaniambia si lazima, mama, umekwisha kusema. Nikamwambia nilisema Mapinga, neno limefika Fukayosi, na mimi ndiye fundi. Waya nauunganisha ulipokatikia. Tulimkuta mke wa Kondo anapukuchua mahindi, na mama yake kando, mwanamke mkavu wa maneno. Nikasalimia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaeleza yote, tangu nailoni mpaka goti. Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo huyu ameitwa mwizi kwa kutii?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Kwa kunitii mimi."

Akaagiza tuletewe uji. Nilipokuwa nakunywa nikaliona bati la zahanati ng'ambo ya barabara, na paneli tuliyofunga Fundi Gaudensi na mimi bado ipo juu, safi, inafanya kazi. Nilijivunia paneli ile kuliko siku ya kuku. Na nilijivunia, msinicheke, kwamba nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka.

Sasa mnajua kisa chote. Pampu haijaonekana mpaka leo. Na sheria ya nailoni, vijana wangu, mimi niliwafundisha nusu. Nilikuwa nawaambia fundi rangi yupo, nailoni iwepo, halafu nanyamaza, kwa sababu nusu ya pili inataka safari ya pili, na safari ya pili hakuna anayekuita. Sasa nimewaandikia yote. Ile nailoni ya Mapinga, vipande vyake viwili, nimeitundika msumarini juu ya meza ya kazi, hapo ilipokuwa kalenda. Msiitupe.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya pilau yenu, mlinitafuta asubuhi hamkuniona. Nilikuwa nimepanda bodaboda kwenda Mapinga. Hakuna aliyeniita. Nikagonga geti, Kondo akafungua, kamera ikanitazama kwa taa yake ndogo ya kijani.

"Shikamoo, mama. Kuna kilichoharibika?"

"Marahaba, Kondo. Hakuna," nikamwambia. "Nilikuambia nitarudi."

Akanitazama kidogo. Kisha akaenda kuleta ngazi.